Nilivyokwenda Ukweni Bila Zuhura

Tarehe 9 Oktoba, asubuhi, mke wangu Zuhura alifariki nyumbani kwetu Izia. Yalikuwa mafigo. Tulimzika Mwazye, kwenye shamba la wazazi wangu. Wengi wenu mlikuwepo na baadhi yenu mlibeba jeneza, kwa hiyo hilo silisimulii. Nasimulia safari ya Desemba. Tangu nirudi, kila mtu wa jumuiya ananiuliza Tanga kulikuwaje, nami najibu "kuna joto" halafu nanyamaza. Mtu aliyewaachia wenzake shamba lake walitazame hapaswi kuwajibu hivyo.

Kwa wale mliohamia karibuni: Zuhura hakuwa wa huku. Alizaliwa Tanga mjini, akaja Sumbawanga akiwa msichana pamoja na shangazi yake, ambaye mumewe alikuwa anauza nguo. Alikuwa akipika vitumbua karibu na soko, mimi nikileta maharage kutoka Mwazye. Alibatizwa Klara ili tufunge ndoa, lakini mimi niliendelea kumwita Zuhura na yeye aliendelea kuitika. Baba yake hakuipenda ndoa ile, na alifariki bila kuniona. Zuhura alikwenda kwao mara mbili, peke yake, mimi nikabaki na ng'ombe. Hatukujaliwa mtoto. Alipoondoka, nyumba ilibaki na mimi na redio.

Siku ya msiba nilimpigia mdogo wake, Rajabu. Alilia, akasema hawawezi kuwahi maziko, ni mbali mno. Baada ya hapo kila nikimpigia alikuwa na haraka. Nikimuuliza mama amepokeaje, anasema, "Shemeji, tutaongea." Ikanikaa moyoni. Mtu hawezi kukaa na binti wa watu miaka yote ile, halafu akampoteza kimya kimya kama aliyepoteza mbuzi wa jirani. Nilitaka nisimame mbele ya mama yake nimwambie kwa mdomo wangu. Hilo tu ndilo lililonipeleka.

Nilisubiri mvua, nikapanda, nikaona kabla ya palizi kuna nafasi. Nafasi hiyo iliangukia Krismasi. Sikusikitika. Sikutaka kuiona Krismasi ndani ya nyumba ile.

Sumbawanga hadi Mbeya

Niliondoka na ukungu. Nilivaa koti la suti, lile mnalolijua, kwa sababu mtu haendi ukweni mara ya kwanza na sweta. Nilibeba maharage, unga wa ulezi, na kanga za Zuhura nilizozikunja mwenyewe, vibaya. Yeye alikuwa anakunja kanga ikawa kama kitabu. Zangu zilikuwa kama mkate uliokaliwa.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa, anawatoa Kasanga anawapeleka mpaka Iringa. Harufu ya dagaa ilijaa basi zima na watu wa nyuma wakaanza maneno.

"Mama, hao dagaa wamelipa nauli?"

"Wamelipa kuliko wewe," alijibu bila kugeuka. "Wewe umelipa kiti kimoja, wao wamelipa buti zima."

Akanipa andazi. Akaniuliza ninakwenda kula Krismasi wapi.

"Tanga. Ukweni."

"Tanga! Na koti hilo? Baba, utachemka kama kiazi." Akacheka, halafu akauliza, "Na mama yuko wapi?"

Nilikuwa sijajiandaa. Tangu Oktoba sikuwahi kuulizwa swali hilo, maana huku wote mnajua. Nikasema, "Yupo nyumbani."

"Umemwacha peke yake na sikukuu? Ninyi wanaume wa Kifipa ninyi! Unakwenda kula wali wa mama yake, mwenyewe umemwacha analinda mahindi?"

Nikatazama dirishani. Nilichosema hakikuwa uongo, yupo Mwazye na Mwazye ni nyumbani. Lakini haukuwa ukweli pia. Yule mama aliendelea kunisema mpaka Tunduma, kwa wema, akimtetea Zuhura, na nilimwacha aseme. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia mtu akimzungumzia kama mtu anayeweza kununa.

Tunduma tulikwama. Malori yalikuwa yamepangana mpaka macho yanachoka, mengine madereva wake wameteremka wanapika pembeni. Basi linasogea hatua mbili, linazima. Watu wakashuka, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakarudi, bado tupo palepale. Kwa sababu hiyo tuliingia Mbeya basi la kuunganisha limeshaondoka. Yule mama akanionyesha nyumba ya wageni aliyoizoea. Tulipoagana alisema, "Ukirudi mwambie nimemsalimia, na nimekugombeza."

Nikasema asante.

Mbeya hadi Morogoro

Basi la siku ya pili lilikuwa la Dar es Salaam na lilijaa watu wanaokwenda makwao kwa sikukuu. Mimi nilikuwa kama ninayekwenda kinyume, ingawa gari lilikuwa moja. Kila mtu alikuwa anapiga simu. "Tumefika Makambako." "Tumetoka Makambako." "Mwambie asile yule jogoo mpaka nifike." Simu yangu niliishika mkononi nikiitazama. Nilikuwa sina mtu wa kumwambia Makambako.

Safari hii jirani yangu alikuwa kijana, fundi simu, mchangamfu. Alianza na shikamoo, akaishia kwenye utani.

"Mzee, unatokea wapi?"

"Sumbawanga."

Akajisogeza dirishani, akajifanya anaogopa. "Jamani! Nimekaa na mtu wa Sumbawanga! Konda, nibadilishie kiti, nisije nikaamka nimekuwa mbuzi."

Basi likacheka. Haya tumeyazoea wote. Nikamjibu kama ninavyojibu siku zote, kwamba jina lenyewe kwa Kifipa maana yake ni tupa uchawi, kwa hiyo sisi ndio tulioutupa.

"Mliutupa wapi?"

"Sijui."

"Na sasa unakwenda wapi, mzee?"

"Tanga."

Konda akapiga makofi. "Basi uliangukia Tanga! Mzee anaufuata mzigo wake!"

Hapo hata mimi nilicheka. Zuhura alikuwa na utani huohuo. Alikuwa anasema Mungu alitukutanisha ili watu wasitusumbue, maana mtu wa Tanga na mtu wa Sumbawanga wakilala nyumba moja, hata mwizi anapita mbali. Nilitaka kumwambia yule kijana, nikaona nitalazimika kueleza Zuhura ni nani. Nikaacha.

Kwenye mteremko wa Kitonga lori lilikuwa limekwama kwenye kona, tukakaa pale jua linatuchoma. Kijana alinigawia soda yake nusu, akinywa kwanza yeye "ili uone haina dawa." Tulipoteremka kule Ruaha Mbuyuni wauza vitunguu wakayavamia madirisha, na joto likaingia pamoja nao. Nililihisi kwanza miguuni. Nikafungua kifungo kimoja cha koti.

Mikumi, jua likiwa linashuka, tembo walikuwa wamesimama karibu kabisa na barabara, wakubwa wawili na mtoto. Basi zima lilihamia upande wetu na simu zao. Nikageuka kushoto, mdomo umeshafunguka, nikasema, "Tazama."

Yule kijana alikuwa amelala, kichwa kimeanguka kifuani. Nikafunga mdomo. Nadhani ni hapo nilipojua kwa hakika kwamba nimefiwa. Maziko yalikuwa na watu. Kule nilikuwa na tembo watatu na hakuna wa kumwonyesha.

Morogoro hadi Tanga

Nililala Morogoro, asubuhi nikachukua gari mpaka Chalinze, nikaunganisha la Tanga. Ilikuwa tarehe 24. Kuanzia Chalinze jasho halikunikauka tena. Sisi wa Ufipa tunajua joto la bondeni, Rukwa, lakini lile ni kavu. Hili lina maji ndani yake. Unavaa hewa kama shati lililotoka kufuliwa.

Segera niliona mikonge, mistari na mistari, na Muheza machungwa yakiuzwa kwenye ndoo na yamemenywa tayari. Nilinunua, nikala mpaka mikono ikanata. Huku chungwa tunalibembeleza. Kule dereva alikuwa anatupa lenye nusu ya maji.

Nilipoteremka stendi, vijana wa bodaboda waliniona na koti langu.

"Mzee, Krismasi ya wapi hiyo? Ulaya?"

"Mwacheni, anasubiri baridi ifike!"

Rajabu alinitambua kwa koti hilohilo. Ni mtu mrefu, mwembamba, ana fremu ya duka mjini, anarekebisha cherehani. Ana paji la uso la Zuhura. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Alinikumbatia, akachukua mzigo, akaufunga kwenye baiskeli. Tanga kila mtu ana baiskeli, hata watu wazima wa heshima, na wanazipanda taratibu kama waliokaa kwenye kiti.

Tulitembea kuelekea Ngamiani. Ni mji ulionyooka, barabara zake zina namba badala ya majina. Kwenye duka moja wameweka mti wa plastiki na pamba juu yake, na mwenye duka ana kofia ya kufumwa, anauza tende. Adhana ikalia, kwaya nayo ilikuwa inafanya mazoezi mahali fulani. Hakuna aliyemnyamazia mwenzake na hakuna aliyechukia.

Nyumba yao iko Barabara ya Kumi na Mbili. Lakini Rajabu hakunipeleka nyumbani. Alisimamisha baiskeli kwenye mgahawa, akaagiza chai ya maziwa na mkate wa ajemi. Nilijua kuna neno.

"Shemeji," alisema, "mama hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui kama dada amefariki."

Nikaweka kikombe chini. Alieleza huku anatazama meza. Siku ile nilipompigia, mama alikuwa ametoka kuugua, presha ilikuwa imempanda hadi wakamhofia. Daktari alisema asishtuliwe. Wakasema wasubiri apate nafuu. Akapata nafuu, wakaogopa itarudi. Ijumaa ambazo Zuhura alikuwa anapiga simu zilipopita kimya, walimwambia mtandao wa Sumbawanga umeharibika.

"Kwa hiyo mimi nimekuja kufanya nini?" niliuliza.

"Kusalimia. Sikukuu. Mwambie dada amebaki shambani."

"Rajabu, siwezi kusema yuko hai."

"Sikuambii useme yuko hai, shemeji. Usiseme tu kwamba amekufa."

"Akiniuliza?"

Akamwaga chai kwenye kisahani, akainywa. Nilikuwa nimesafiri kutoka mwisho wa nchi hadi mwisho mwingine kwa neno moja, na sasa ninaombwa nilimeze. Lakini aliyekuwa mezani alikuwa mtoto wa mama yule, na mimi nilikuwa nani? Mtu aliyemwona mama yule kwenye picha. Nikamwambia nitanyamaza jioni hiyo, mama apumzike. Nikamwambia pia kwamba akiniuliza usoni, sitasema uongo.

"Mungu atusaidie asiulize," alisema Rajabu.

Tulipofika, mama alikuwa ameshakunywa dawa na amelala. Mwanahamisi, mke wa Rajabu, alinipokea vizuri. Alinivua koti kwa nguvu, akalitundika. Chakula kilikuwa samaki na maharage ya nazi. Zuhura alikuwa anapika maharage kwa karanga. Kila mara anasema, "Hapa ndipo ingekaa nazi." Miaka yote nilidhani ni maringo ya watu wa pwani. Nikayala yale maharage, nikaona kwamba karanga zilikuwa zinajitahidi tu.

Walinitandikia sebuleni. Nyuma ya pazia nilimsikia mama akikohoa. Kikohozi kidogo, cha mtu asiyetaka kuwasumbua watu.

Krismasi

Asubuhi nilikwenda kanisani. Feni zinazunguka juu na watu wamevaa nguo nyepesi za rangi, watoto viatu vipya vinawabana. Nyimbo zilikuwa zilezile ila wanaziimba haraka zaidi, kila nikianza ubeti wao wako kwenye kiitikio. Wakati wa kupeana amani, wa kulia kwangu alimpa mkewe, wa kushoto alimpa mama yake, halafu wote wawili wakanikumbuka.

Misa ilipokwisha sikurudi nyumbani. Nasema ukweli, nilikuwa naogopa. Niliteremka kwenda kuiona bahari. Ziwa nalijua, Kasanga nimefika mara nyingi, na nilidhani bahari ni ziwa lililokosa mwisho. Nilivua viatu, nikaviacha juu ya jiwe kavu, mbali na maji. Nikaingia mpaka kwenye vigimbi. Nikaonja. Zuhura aliwahi kuniambia ni chumvi ya kukunja uso, nami nilidhani ametia chumvi mwenyewe. Nikakunja uso.

Kisha nilikaa juu kwenye kivuli, nikiwatazama watu. Familia nzima nzima, sufuria, redio, wanawake wanaingia majini na nguo zao. Nikasinzia. Nilipoamka maji hayakuwepo. Jiwe langu lilikuwa palepale na viatu juu yake, ila mbele yake ni tope na mawe mpaka mbali, na watu wanaokota vitu. Nikashtuka kweli. Ziwa letu halihami. Nikamuuliza baba mmoja aliyekuwa anapita na ndoo, "Samahani ndugu, maji yamekwenda wapi?"

Akanitazama usoni aone kama namtania. Akaona hapana.

"Yamekwenda Krismasi kwao," alisema. "Jioni yatarudi."

Aliwaambia wenzake, wakacheka, mmoja akanipungia mkono. Nikapunga. Nikavaa viatu nikaondoka. Nilikuwa nimeshaona kwamba nikiendelea kukaa pale, nitakaa mpaka yarudi.

Uani

Mwanahamisi alikuwa amepika pilau. "Sikukuu yako, shemeji, hatuwezi kukulaza na bada," alisema. Bada ni ugali wao wa muhogo. Mama alikuwa uani, ameketi kwenye mkeka, anachagua mchele wa kesho kwa vidole kwa sababu macho yake hayaoni vizuri. Alikuwa na umbo dogo kuliko nilivyofikiri. Rajabu alisimama mlangoni nyuma yangu, nikasikia anavuta pumzi.

Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiye mkwe wangu?"

"Ndiye, mama. Oswadi."

Alinyoosha mkono, nikampa wangu. Hakuuachia. Alikaa nao hivyo, akisikiliza kama anayesikiliza hatua za mtu mwingine nyuma yangu. Halafu akasema, "Makiwa."

Sikulijua neno hilo. Nilidhani ni salamu ya kwao, kama zilivyo nyingi. Nikajibu, "Nzuri, mama."

Kijiko cha Mwanahamisi kikaacha kukoroga.

"Makiwa, mkwe wangu," alisema tena, polepole.

Nikafikiri labda anauliza habari za mtu. Nikasema, "Mama, Makiwa simjui. Labda ni wa hao waliohamia Sumbawanga karibuni."

Mwanahamisi alijiziba mdomo kwa kanga na sauti ikamtoka hivyohivyo. Rajabu alisema, "Mama!" kama mtu aliyeona mtoto anaanguka. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki nimepiga magoti, sielewi.

"Kwenu hamsemi makiwa?" mama aliniuliza.

"Sijawahi kulisikia."

"Zuhura hakukufundisha?"

"Hapana, mama." Nimelifikiria sana hilo. Baba yake alipofariki, sisi tulimwambia pole, na yeye akaitika pole. Labda alilisema neno lake siku hizo za mwanzo, akaona hakuna anayelijibu, akaliacha. Labda alilisema kwangu nami sikusikia.

"Sisi hapa mtu akifiwa tunamwambia makiwa," alisema mama. "Naye anajibu tunayo."

Rajabu alishuka akachuchumaa. "Mama, nani amekwambia?"

"Nani aniambie, mlivyokuwa mnanong'ona? Wewe ulisema mtandao. Mtandao gani unaharibika kwa mtu mmoja? Mke wa jirani ana mwanawe Sumbawanga, kila siku anapiga simu mpaka anatukera." Akanigeukia. "Halafu nimeamka naambiwa mkwe amekuja peke yake. Mwanamume haji ukweni mara ya kwanza peke yake. Akija peke yake, amekuja kushtaki au amekuja kulia. Wewe umekuja kushtaki?"

"Hapana, mama."

"Basi makiwa."

Sikuweza kumtazama. Nikasema, "Ninayo."

"Tunayo," alinirekebisha. "Mtoto ni wangu pia."

Nikasema, "Tunayo."

Ndipo akauachia mkono wangu, akasukuma ungo wa mchele pembeni, akanipigia mkeka kwa kiganja nikae karibu yake. Akataka kila kitu. Nikamwambia ilivyoanza miguu kuvimba, nikamwambia hospitali, na siku tuliyorudishwa nyumbani kwa sababu alitaka mwenyewe. Aliuliza kama alizikwa na msalaba. Nikasema ndiyo, na rozari mkononi. Rajabu alinitazama kwa jicho la kunisihi, lakini nilikuwa nimeshasema.

"Ninyi mmesoma yenu," alisema mama mwishowe. "Sisi tutasoma yetu. Mungu ana masikio mawili."

Halafu akauliza lile nililoliogopa njia nzima.

"Alinitaja?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ni neno dogo na lingemlaza vizuri. Rajabu alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu, sema ndiyo, sema ndiyo.

"Hakukutaja, mama. Asubuhi ile hakumtaja mtu."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Aliniuliza kama nimeshachambua mbegu. Nikamwambia bado. Akasema, 'Chambua.' Hakusema kitu kingine."

Mama alitulia. Nilidhani presha imempata. Kumbe kilikuwa kicheko, kimeanzia mbali, kikamtoka puani. "Huyo ndiye," alisema. "Huyo ndiye kabisa! Tangu mdogo hawezi kulala kama kazi ya kesho haijapangwa. Mwanahamisi, umesikia? Chambua!" Akacheka, akaendelea kucheka mpaka kikawa kilio. Rajabu akamshika, naye akalia, na pilau ikaungua chini. Majirani walisikia, wakaanza kuingia uani mmoja mmoja, wanavua viatu.

Ndivyo nilivyokula Krismasi. Nilikaa kwenye mkeka na wanaume nisiowajua, wanaingia wananishika mkono, "Makiwa," nami najibu kama nilivyofundishwa. Wengine walinong'ona, "Ni mume. Ametoka Sumbawanga," na hakuna aliyetania.

Kurudi

Nilikaa mpaka waliposoma khitima yao. Sikuelewa maneno, nilikaa nyuma nikasema yangu kimoyomoyo. Mama alichukua kanga moja tu, nyingine aliziacha. Aliponiona nimezikunja vile alizikunjua zote, akazikunja upya, akanirudishia.

Asubuhi ya kuondoka aliketi kwenye kizingiti. Nilipiga magoti kumuaga. Nikamshukuru. Sikuwa na maneno mengi, mnanijua.

"Ukioa," alisema, "huyo mke mlete nimwone."

Nilishtuka. "Sijui kama nitaoa, mama."

"Sikukuuliza kama utaoa. Nimesema umlete. Hapa ni kwao."

Nikasema nimesikia. Rajabu alikuwa ameshafunga begi langu kwenye baiskeli. Tukaondoka kwa miguu, yeye akiisukuma, mimi nikiwa na koti mkononi. Tulipovuka Barabara ya Kwanza Rajabu akasema joto la leo ni afadhali.